Taa ya Kuitazamia Hina

Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa ya makuti kabla haijawa ya bati, na kabla sijaingia katika habari ya taa lazima niyatetee makuti kidogo, maana wajukuu wangu wakinisikia nikisema tulilala chini ya makuti hunitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. Makuti ni baridi. Mvua ikinyesha juu yake unasikia kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Ubaya wake ni nge, panya na moto, na huo moto ndio unaotuhusu hapa, kwa kuwa chini ya makuti mtu hakuwa na taa ya kuchagua. Kulikuwa na koroboi, kile kikopo chenye utambi usio na kioo. Unakiweka sakafuni mbali na ukuta, unamkataza mtoto asikisogelee, na asubuhi kila mtu anapenga masizi. Aliyejaliwa kidogo alikuwa na chemli moja yenye kioo chake na mkono wake wa chuma, akizunguka nayo chumba hadi chumba kama anayetafuta kuku aliyepotea. Taa ilimfuata mtu. Wazo la kwamba taa ikae mahali pake na mtu aende zake bila kuibeba, hilo sie hatukuwa nalo.

Mie ni mtu wa Rufiji. Nililetwa Dar es Salaam na kaka yangu nikiwa sijajua hata kufunga kanga vizuri, nikaozwa kwa kijana aliyefanya ukuli bandarini. Chuoni nilikaa mpaka juzuu ya kwanza, mwalimu akahama, nami nikahamia jikoni. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukiona habari yangu inakwenda upande upande, ndivyo ninavyotembea pia. Goti moja halinipendi. Lakini nyumba niliyoitengeneza naijua, na nitaisema mpaka nichoke.

Basi. Zilikuwa enzi za Mwingereza, baada ya ile vita kuu ya pili, bati lilipoanza kuonekana tena madukani. Mume wangu alikuwa amepandishwa kuwa nyapara wa makuli. Unyapara ule ulimrefusha shingo. Mvua ya kwanza ya masika ilipomdondokea kitandani akaketi, akajifuta uso, akasema, "Nyapara havujiwi." Nikajua makuti yamekwisha.

Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba zote za mtaani: baraza mbele, mlango, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, halafu uani penye jiko na choo. Kuta za miti na udongo. Kuta za ndani hazikufika juu. Zilipanda zikapita kichwa cha mtu mrefu, zikaishia hapo, na kutoka hapo mpaka paani palikuwa wazi, chumba hadi chumba. Ndiyo maana nyumba zetu hazikuwa na siri. Mtu na mkewe wakigombana chumba cha mwisho, chumba cha kwanza wamekwisha amua nani mwenye makosa. Sisi wenyewe kuna mambo tulikuwa tunayasema kwa vidole.

Katika kutengeneza huko ndipo binti yetu mkubwa akaposwa. Kijana fundi seremala, watu wa Kinondoni, watu wazuri, mama yake mwenye macho makali. Tukakubali, tukafurahi, na furaha ile haikukaa hata uji ukapoa, akaja wifi yangu.

Wifi yangu huyu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufa. Kwa hiyo mume wangu, mtu aliyewapigia kelele makuli mpaka wakaruka, mbele ya dada yake alikuwa mtoto wa kutumwa chumvi. Aliolewa Kariakoo na karani, na katika nyumba yao mlikuwa na umeme. Sie tuliuita stima. Taa moja, chumba cha mbele, inaning'inia kwenye waya wake. Aliibonyeza mbele ya wageni hata adhuhuri. Mie sikumwonea wivu, au nilimwonea, lakini si sana.

Akaketi barazani, akavua viatu, akasema, "Wifi, mtoto ataolewa kwangu."

"Kwani kwangu kuna msiba?"

"Kwako kuna giza."

Mume wangu akacheka. Nikamtazama. Akakohoa.

"Siku ya hina," wifi akaendelea, "wanawake wa upande wa mume watakuja usiku kuutazama mkono wa mtoto. Huku kwenu watautazama na nini? Watapapasa kama wanaonunua nazi?"

"Tunatengeneza nyumba, dada," mume wangu akasema.

"Naona. Mnatoa majani mnaweka chuma. Giza la bati na giza la makuti yana tofauti gani?"

Hapa nieleze. Kwetu mtoto wa kike hutolewa mlango wa baba yake. Anaweza kulelewa kwa bibi, anaweza kukaa kwa shangazi miaka, lakini siku ya kuolewa anatoka mlango wa baba, na mama yake yupo ndani. Akitolewa kwa mwingine watu huuliza: kwao kuna nini? Hawaulizi kwa sauti. Na shangazi, dada wa baba, ndiye mwenye neno kubwa katika mambo ya mwali. Akisema hapana, baba hawezi kusema ndiyo. Basi maneno ya wifi hayakuwa maneno ya kupita. Mtoto wangu wa kwanza, niliyemzaa katika chumba kile cha mkono wa kulia, angeondoka kwetu mchana na sanduku lake kama mgeni aliyeaga, akaolewe Kariakoo chini ya stima ya karani.

Nikamwambia, "Wifi, nipe nafasi."

Akafikiri. Si mtu mbaya, nisimseme vibaya, Mungu amrehemu. Akasema, "Mkimaliza hiyo nyumba nitakuja baada ya magharibi. Mtampaka hina kiganja kimoja, nitamtazama kama wakwe watakavyomtazama. Nikimwona, ataolewa kwenu. Nisipomwona, naondoka na sanduku lake siku hiyo hiyo."

Basi toka siku ile kila mtu nyumbani akawa fundi wa taa.

Mume wangu kwanza alitaka stima. Akaenda kuulizia mjini amevaa kanzu yake ya Idi. Nguzo zilikuwa zimeishia mbali na sie, akaambiwa angoje. Akarudi na wazo. Tununue ile globu ya kioo, tuitundike ukumbini.

"Na stima?"

"Stima itakuja. Globu iwe inaning'inia tu, watu wajue tumo kwenye foleni."

Msicheke, walikuwapo waliofanya hivyo. Nikamwambia globu bila stima ni yai, na yai nitalipika.

Akahamia kwenye karabai. Hiyo ni taa ya mafuta ya kupiga pampu, yenye kile kifuko cheupe cha kitambaa kinachowaka bila kwisha, inavuma kama nyuki na kutoa mwanga wa kumwamsha jogoo. Mtaani walikuwa nazo wachache, na palipokuwa na maulidi au harusi karabai ziliazimwa huku na huku, zikapokewa kwa heshima kuliko wageni. Mwanamume akiwa na karabai, baraza lake halikosi watu. Mume wangu alikuwa anaiota mchana.

Mie sikuitaka, na sababu yangu niliipata kwenye harusi ya watu, mtaa wa pili. Siku ya hina waliazima karabai wakaitundika juu ya mwali. Mwali amefunuliwa, shela imetupwa nyuma, mikono ameiweka mapajani viganja juu. Nami nilikuwapo hina ile ilipopakwa, niliikanda kwa mkono wangu, niliona ilivyokolea, nyekundu ya kuiva. Lakini chini ya karabai ile nyekundu yote ilipotea. Mikono ilikuwa kama ya mtu aliyeshika mkaa, na uso wa mwali, msichana mzuri, umepauka kama amepakwa jivu. Nikawasikia wanawake wa upande wa mume wakinong'onezana, "Haikukolea." Na mnajua yanayosemwa: hina isipokolea, mapenzi hayakolei. Yule mwali alimaliza mwaka wake wa kwanza wa ndoa mama mkwe akimtazama mikono.

Kwa hiyo wenzangu walikuwa wanatafuta taa ya kuwaka sana. Mie natafuta taa ya kuonyesha nyekundu.

Wakati huo fundi wetu wa nyumba alikuwa amekwisha weka boriti mpya na mabati yamepanda. Bati jipya, kama hujaliona, linang'aa hata likakuonyesha uso. Nilisimama ukumbini mchana, nikatazama juu, nikaona mwanga wa mlangoni umepanda ukagonga bati ukarudi chini. Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Nikamwita fundi, aliyekuwa na mbao mkononi akitaka kuanza kuweka dari.

"Dari sitaki," nikamwambia.

"Mama, nyumba ya bati bila dari ni godauni."

"Sitaki. Na hizo kuta za ndani, juu yake pasawazishe kwa saruji, pawe bapa, upana wa kiganja na nusu."

"Za nini?"

"Nataka kuweka taa huko."

Akashuka ngazi ili anicheke vizuri. "Mama, huko juu ni njia ya panya. Ukiisawazisha kwa saruji unawatengenezea barabara ya Pugu."

"Watapita pembeni."

Alipokwenda kwa mume wangu kunishtaki, mume wangu akamwambia, "Fanya anachotaka, mimi nina karabai yangu kichwani." Nilifikiri anasema mafumbo.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Taa iliyokaa juu ya ukuta wa katikati haina chumba kimoja. Inaangaza huku na huku, na ukumbi nao unapata fungu lake, kwa kuwa hakuna dari ya kuuzuia mwanga, na bati linaurudisha chini. Uwazi ule uliokuwa ukitutolea siri zetu sasa ungetuletea nuru. Nilijisikia mwerevu mpaka nikaogopa kijicho.

Imebaki taa yenyewe. Jioni moja nikajipaka hina kiganja cha kushoto, nikalala nayo nimeifunga kitambaa, asubuhi nikaiosha, imekolea vizuri, nikavaa buibui nikaenda mjini kwenye maduka ya Wahindi. Mguu mpaka mjini, na jua. Nilikuwaga na miguu siku hizo.

Duka la kwanza hawakunielewa. La pili, mwenye duka, mzee mwenye miwani, akanipangia taa mezani. Nikamwomba aziwashe moja moja. Akaziwasha. Nami naingiza mkono karibu, nageuza kiganja, natazama, nasema, nyingine. Wateja wakaanza kusogea.

"Mama," akasema, "unanunua taa au unasoma bahati yako?"

"Natazama hina, bwana. Huku nje jua linaingilia. Twende ndani penye giza."

"Ndani kule stoo?" Akavua miwani. "Nikiingia stoo nikafunga mlango na mwanamke, mke wangu atashuka kutoka ghorofani na mwiko."

"Basi mwite ashuke kabisa."

Watu wakacheka, na mke akashuka kweli, mwanamke mnene amejitanda kitambaa cha kijani, anataka kujua kicheko ni cha nini. Sikuhitaji kumweleza sana. Alipoona kiganja changu tu alikamata habari yote, maana nao kwao harusi haiendi bila hina. Akamwambia mumewe kitu kwa lugha yao, kifupi, mumewe akarudi kwa wateja. Sisi wawili tukaingia stoo na chemli, na karabai moja, na kiberiti, tukafunga mlango.

Sijui nieleze vipi raha ya stoo ile. Palinuka mafuta ya taa na magunia. Yeye naye alikuwa na hina mikononi, ya michoro myembamba kama uzi, imeanza kufifia. Tukaweka mikono yetu pamoja, wake na wangu, tukawasha. Tuliijaribu karabai pia, kwa haki. Akatazama mikono yetu, akakunja midomo, akaizima mwenyewe. Katika chemli nilidhani zote ni sawa, yeye ndiye aliyenifunza kwamba sivyo. Kioo kingine kina ukijani ndani yake. Ukikitazama mchana hukioni, ukikiwasha kinaila nyekundu. Akaviinua vioo kimoja kimoja mlangoni, kwenye ule upenyo wa jua, akavitenga. Akachagua vile vyeupe kabisa. Halafu akanionyesha utambi: mpana, na ukatwe pembe zake kidogo kwa mkasi, moto uwe wa duara usitoe moshi.

Tulipowasha chemli ya kioo kile, mikono yetu ilikuwa kama imetoka kuoshwa sasa hivi. Nyekundu yake na nyekundu yangu.

"Nani anaolewa?" akaniuliza.

"Binti yangu."

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Akanishika mkono akaufinya, akasema, "Kata utambi kila siku." Nikanunua chemli za kutosha kuta zangu, nikarudi Temeke nimezibeba kichwani ndani ya kapu, zikigongana njia nzima. Watu walidhani nauza.

Sasa siku yenyewe. Nyumba imekwisha, imepakwa chokaa ndani na nje, inanuka mpya. Binti yangu kiganja kimoja nimekwisha kumpaka hina, imekolea. Alasiri nilipanda ngazi nikapanga chemli zangu juu ya kuta, vioo nimevisugua kwa jivu na karatasi mpaka vinalia. Jua lilipokaribia kuzama nikaziwasha, nikaziweka moto sawasawa, nikashuka, nikaenda uani kuswali.

Natoka kuswali, nasikia mvumo.

Mume wangu alikuwa ukumbini, mikono nyuma, shingo ndefu. Kutoka kwenye boriti, katikati kabisa, amening'iniza karabai mpya, inawaka kama jua limepotea njia. Yale aliyomwambia fundi hayakuwa mafumbo. Majirani wamekwisha jaa mlangoni.

"Unaonaje?" akaniuliza.

Niseme nini? Ilikuwa nzuri. Alikuwa na furaha kama mtoto aliyetahiriwa akapona. Nikafungua mdomo, na nje nikasikia sauti ya wifi ikiuliza, "Hapa kuna nini, wanagawa mchele?"

Akaingia. Binti yangu akamwamkia, "Shikamoo, shangazi," akampokea mkoba. Wifi akaweka mkono juu ya macho, akaitazama karabai, akamtazama mdogo wake, akatikisa kichwa kama anayekubali. Mume wangu akazidi kurefuka. Kisha wifi akasema, "Lete mkono." Mtoto akatoa kiganja.

Wifi akakishika. Akakisogeza juu, akakisogeza chini. Akamtazama mtoto uso.

"Huyu anaumwa?"

"Haumwi, wifi," nikasema.

"Mbona kapauka? Na hii ni hina au lami?"

"Dada, hiyo taa ni mpya," mume wangu akasema.

"Taa naiona. Natafuta hina."

Binti yangu akaanza kukunja vidole, na nilimwona machozi yanamjaa, maana alijua sanduku lake liko wapi na linakwenda wapi.

Nikamgeukia mume wangu. Kwa upole, maana ni mume na ni nyapara na watu wamesimama. "Baba watoto," nikasema, "hiyo karabai umeiweka kwa wanawake. Itoe barazani, wanaume wanaikosa."

Akanitazama. Nami nikamtazama kwa yale macho ambayo mtu na mkewe wanakuwa nayo baada ya kuishi chini ya makuti pamoja. Akaishusha. Akatoka nayo, na huko nje nikasikia wanaume wakiipokea, "Ee bwana, ee bwana," na bao likavutwa chini ya mwanga wake.

Ukumbini pakawa giza.

"Ndilo hilo," wifi akasema. "Ndilo nililolisema."

"Wifi, subiri macho yako yarudi."

"Yamekwenda wapi?"

"Subiri tu."

Tukasimama. Sikuwasha kitu, sikupanda ngazi. Chemli zangu zilikuwa zinawaka muda wote huo juu ya kuta, ila karabai ilikuwa imezimeza, na macho yaliyotoka kwenye ukali wake hayaoni kitu mwanzo. Kisha kidogo kidogo nyumba ikaanza kuja. Kwanza bati juu, manjano, kama uso wa maji. Halafu chokaa ya kuta. Halafu milango ya vyumba, na ndani ya kila chumba mwanga umekwisha kaa chini unasubiri wenyewe, juu ya vitanda, juu ya mikeka, hakuna aliyeubeba kuupeleka. Mlangoni jirani mmoja akasema, "Zimewekwa wapi?"

Wifi akaanza kutembea. Akaingia chumba cha kulia, akatoka. Cha kushoto, akatoka. Alikuwa anatafuta chumba chenye giza. Akafika mpaka mwisho, akachungulia uani, akarudi, nyayo zake polepole kwenye sakafu mpya ya saruji. Akasimama mbele ya binti yangu. Safari hii hakusema lete. Alikichukua kiganja mwenyewe, akakifungua vidole.

Nyekundu. Imekolea mpaka kwenye mistari ya mkono. Na uso wa mtoto juu yake umerudi kuwa wake, mweusi wa kung'aa, machozi yenyewe yamependeza.

Wifi hakusema imependeza. Kumsubiri wifi yangu aseme imependeza ni kusubiri kuku aote meno. Aliachia mkono, akavua buibui lake, akatafuta msumari akalitundika, akasema, "Wakwe watakaa upande huu, mgongo kwa mlango. Mwali hapa. Huu mkeka mfupi, mtaazima mwingine."

"Na sanduku, wifi?"

"Sanduku gani? Mie nimekuja kupanga mikeka."

Kutoka hapo mpaka siku ya hina hakukuwa na mtu aliyejitahidi kama yeye. Alinigombeza kila kitu, nami nikamwitika kila kitu. Mtu aliyeshinda ana nafasi ya kugombezwa.

Siku ya hina walikuja wanawake wa Kinondoni, wamejifukiza udi, na yule mama mkwe wa macho makali mbele yao. Waliketi wifi alipotaka waketi. Nje wanaume walikuwa na karabai yao, mume wangu anaipiga pampu kila mara hata isipohitaji. Mwali akafunuliwa. Mama mkwe akasogea kwa magoti, akachukua mikono yote miwili, akaitazama kama anayesoma barua ya mtu anayempenda. Kisha akawageukia wenzake akasema neno moja tu, "Imekolea." Vigelegele vilivyofuata, kwa kuwa kuta zetu hazifiki juu, vilijaa nyumba nzima kwa mara moja, na bati likavirudisha.

Wapo waliokuja baadaye kuniuliza nimefanyaje. Nyumba kadhaa za mtaa wetu zikaacha kuweka dari, na fundi yule yule aliyenicheka nikamsikia akimweleza mtu, "Juu ya ukuta pasawazishwe, upana wa kiganja na nusu," kama ni fikra ya babu yake. Nilipita kimya. Stima nayo ilifika, miaka mingi baadaye, sasa ninayo na ninaipenda, inapokuwapo.

Kwetu mama hamsindikizi bintiye. Huenda na shangazi, mama anabaki. Jioni ya kutolewa, nilimfunika shela, nikamtia dua, akavuka kizingiti cha mlango wa baba yake, mguu wa kulia, mbele ya mtaa mzima. Nikabaki ukumbini na mikeka iliyovurugika na taa zangu zote zinawaka. Nililia kidogo, lakini nililia nimesimama wima.

Mwali akitoka haruhusiwi kugeuka nyuma, na wifi alikuwa amemshika kiwiko makusudi. Binti yangu alipokuja kunitembelea mara ya kwanza, mikono hina imeanza kufifia, nikamuuliza kama alijizuia.

"Niligeuka, mama," akasema. "Kwenye kona, pale njia inapopanda. Mwanga ulikuwa unatoka chini ya bati, umezunguka nyumba nzima. Hakuna nyumba nyingine iliyoonekana."

"Na shangazi yako hakukukataza?"

"Atanikatazaje," akasema, "na yeye ndiye aliyegeuka kwanza?"